Maytag ya rola, modeli E: uchambuzi wa mashine ya kufulia ya kale kwa anayetaka kuitumia

Ndugu watazamaji, karibuni. Mashine iliyo mbele yenu leo ni ya kufulia, ya kampuni ya Maytag, yenye rola za kukamulia nguo, modeli E, yenye tangi la alumini la pembe nne, iliyotengenezwa katika mji wa Newton, jimbo la Iowa, nchini Marekani. Wakusanyaji wengi huinunua, wakaing'arisha na kuiweka sebuleni kama pambo. Mimi naichambua kama chombo cha kazi, kwa kuwa mashine hii ikikaa kavu miaka mingi mpira wake hukakamaa, na thamani yake huonekana pale inapofua.

Tuanze na ndani ya tangi. Zamani baadhi ya mashine zilikuwa na kifaa cha mbao kilichoning'inia kwenye mfuniko, kikiziburura nguo majini kutoka juu. Mwaka 1922 Maytag ilitoa mashine iliyoitwa Gyrafoam, kazi ya fundi wake Howard Snyder, ambamo mhimili wenye mapezi ulisimikwa chini, katikati ya tangi, ili maji yasukumwe yapenye kwenye nguo. Modeli E imefuata mpango huo huo. Naiwasha sasa: tazameni jinsi mhimili usivyozunguka moja kwa moja, bali unavyokwenda na kurudi kwa haraka, na jinsi shuka hii inavyovutwa chini katikati kisha ikaibuka pembeni. Haina saa ya kuisimamisha wala mlango wa kujifunga. Unaisimamisha mwenyewe ukiona nguo zimetakata, na kwa nguo za kawaida dakika kumi hivi zinatosha.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni rola. Ni mbili, za mpira, zimelaliana, na kwa juu kuna kitasa cha kuongeza au kupunguza mkazo. Kichwa chote cha rola hugeuka na kujifunga mahali unapotaka, kwa hiyo unakamua nguo kutoka kwenye tangi hadi kwenye beseni la kusuuzia, kisha unakigeuza na kukamua tena kuelekea kwenye tenga. Shuka inaingia imejaa maji, inatoka bapa kama chapati, na maji yote ya sabuni yanarudi kwenye tangi. Vifungo vya shati vikunjwe viwe ndani ya kitambaa, na zipu zifungwe, la sivyo vitang'oka au vitaichubua rola.

Rola hizo hizo zimewahi kuvunja vidole na mikono ya watu, nami nasisitiza jambo hili kwa uzito wote. Upau huu wa usalama ukisukumwa, rola ya juu huachia mkazo papo hapo; ujaribuni kila mara kabla ya kuanza kazi. Nywele ndefu zifungwe, na anayefua asiwe na mtandio wala ncha ya kanga inayoning'inia. Nyumba yenye watoto wadogo wanaozungukazunguka hapo mashine inapofanya kazi, mimi siishauri kabisa.

Maji hayamwagwi kila mzigo. Anayefua kwa karai anaujua utaratibu: nyeupe hutangulia, za rangi hufuata, na za kazi huja mwisho, zote katika maji yale yale ya moto. Kwa sababu hiyo mashine hii ilifaa sana mashambani, ambako maji yalichotwa na kuchemshwa kwa tabu. Kabla umeme haujafika huko, Maytag iliuza pia mashine zenye injini ndogo ya petroli, iliyowashwa kwa kukanyaga pedali, na bomba refu la kutolea moshi nje ya nyumba. Hadi leo familia za Waamish, Wakristo wa Marekani wanaoepuka teknolojia nyingi za kisasa, huzitumia mashine za rola kwa injini badala ya umeme wa gridi. Maytag yenyewe iliacha kuzitengeneza mwaka 1983.

Ukienda kununua, inama kwanza utazame chini ya mashine. Oili ikiwa imechuruzika kutoka kwenye giaboksi (sanduku la gia), sili inayozuia oili kuvuja imechoka, na kazi ya kuifungua si ya siku moja. Bonyeza rola kwa kidole gumba: mpira mzuri hunepa kidogo, uliokufa ni mgumu na una nyufa. Ukikuta rola zimeachwa zikiwa zimekazwa, huenda zimepata ubapa upande mmoja. Waya wa zamani ubadilishwe wote, na fundi aweke waya wa ethi, kwani mkono utakuwa majini karibu na chuma. Usisafishe tangi kwa magadi makali. Alumini itapiga weusi.

Watazamaji wa Afrika Mashariki mtauliza kuhusu umeme. Mota yake ni ya volti 115 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), ilhali umeme wa nyumbani Tanzania na Kenya ni volti 230 hadi 240 na hezi 50. Transfoma itashusha volti, lakini haibadilishi hezi, kwa hiyo mwendo wa mota utapungua kwa takriban sehemu moja kati ya sita, na mota itapata joto jingi. Ushauri wangu ni kufunga mota ya huku yenye nguvu inayolingana, na fundi arekebishe puli ili mhimili urudi kwenye mwendo wake. Ile ya asili itunze kabatini. Mkusanyaji mwenzako akija kuinunua mashine, ataiulizia.