Kuchagua Vipengele vya Ramani kwa Sifa: Ndani ya Faili ya DXF au Baada ya Kuihamishia GeoPackage

Mchoro wa DXF (faili ya kubadilishana michoro ya CAD, yaani ya kuchora kwa kompyuta) ukifunguliwa katika QGIS, programu ya ramani, kila mstari, nukta au maandishi huja na jedwali fupi la sifa, lenye safuwima kama Layer (tabaka), Linetype (aina ya mstari) na Text (maandishi), ambazo kwa kweli zinaeleza jinsi kitu kilivyochorwa kuliko kile kinachowakilisha. Anayetaka barabara pekee anaweza kuandika sharti "Layer" ILIKE 'BARABARA%', yaani tabaka ambalo jina lake linaanza na BARABARA, na kuzipata papo hapo. ILIKE inafaa kuliko LIKE kwa sababu haijali herufi kubwa au ndogo, na wachoraji hawaandiki majina ya matabaka kwa namna moja. Njia hii inatosha kwa ukaguzi wa haraka.

Hata hivyo, kuunganisha data hudai zaidi. Mpaka wa kiwanja katika CAD mara nyingi ni mstari tu, na namba yake ni maandishi yaliyowekwa juu yake bila uhusiano wowote wa kijedwali, kwa hiyo hakuna sharti la sifa litakalokichagua kiwanja kwa namba yake. Data ikihamishiwa GeoPackage, faili ya hifadhidata ya ramani, mistari iliyofungwa hugeuzwa poligoni (maumbo yenye eneo), kisha namba huingizwa katika safuwima yake kwa kuunganisha kwa mahali, yaani kwa kuangalia namba ipi iko ndani ya poligoni ipi. Shapefile, muundo mwingine wa faili za ramani, ningeiepuka, kwani hukata majina ya safuwima yanayozidi herufi 10, hata EntityHandle, safuwima ya DXF yenye kitambulisho cha kila kitu.

Kwa kazi itakayorudiwa, naichagua GeoPackage bila kusita.