Uzoefu wangu: nimemlipa kocha achambue blitzi yangu (chesi ya dakika chache), nikiwa Mwanga, Kigoma

Wanaoniuliza kama kuna haja ya kumlipa mtu akuchambulie michezo ya chesi wakati injini, yaani programu ya kuchambua chesi, ipo bure kwenye simu, jibu langu ni ndiyo, ila kwa nusu tu ya nilichouziwa. Nusu ya pili ningeipata mwenyewe bila kutoa hata shilingi.

Huduma yenyewe iko hivi. Kocha yuko Dar es Salaam, kijana mdogo kwangu kwa umri. Unamtumia elfu arobaini na tano kwa simu, anachukua michezo yako ya karibuni, anakuandikia ripoti, halafu mnaongea mara mbili, kila mara kama saa moja. Jina lake silitaji kwa sababu kuna sehemu nitamlaumu, na hayupo hapa kujibu.

Mimi nina kibanda cha wakala wa pesa hapa Mwanga. Nacheza wateja wakipungua, na wateja wangu wanaenda na mwezi. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wanavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi inalala na hela mjini inakuwa ya kutafuta kwa tochi. Siku hizo ndizo nazama Lichess, tovuti ya kucheza chesi bure. Kwa namna hiyo nilifika alama 2150 za blitzi, karibu zote kwa dakika tatu kavu kwa kila mchezaji, bila sekunde za nyongeza kwa kila hatua.

Jambo la kwanza aliloniambia lilinikata maini kidogo. Lichess inamwanzishia kila mgeni alama 1500 na kukokotoa kwa Glicko-2, mfumo wa Mmarekani Mark Glickman. FIDE, shirikisho la chesi la dunia, wanatumia mfumo wa Arpad Elo waliouchukua mwaka 1970, na tangu 2024 orodha yao haina mtu aliye chini ya 1400. Ni vipimo viwili, na watu wanaopimwa si walewale. "Kaka, hiyo 2150 inasema unawafunga watu wa humo humo," akasema. "Mashindano ya mezani usiende nayo kifua mbele." Wanaotamba vijiweni kwa alama za simu, ujumbe umewafikia.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakuniomba michezo yangu mizuri. Wapo makocha wanaokuambia chagua michezo mitatu unayojivunia, na hapo umeshamdanganya kabla hajaanza. Huyu aliomba jina ninalochezea tu. Michezo ya Lichess iko wazi kwa kila mtu, na faili lake linabeba hadi muda uliobaki kwenye saa baada ya kila hatua. Akaipakua yote, akatazama saa kwanza, kete baadaye.

Hapo ndipo hela yangu ilipolipa. Ripoti ilionyesha sekunde zangu zinakwenda wapi, na zilikuwa zinakwenda pasipohitajika. Mchezo mmoja alinipitisha taratibu. Mpinzani amesukuma askari, askari wangu wa d5 na wake wa e4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari) wanatazamana. Naweza kumla, naweza kumpita, naweza kuacha waendelee kutazamana na nikatoa askofu wangu nje. Nimekula kwa sekunde moja. Hatua tano mbele, farasi wangu anashambuliwa na ana mahali pamoja tu pa kukimbilia. Pale nimekaa sekunde ishirini na kitu, natazama ubao kama nasubiri njia iongezeke. Yaani penye uamuzi nilipita mbio, pasipo na uamuzi nikaweka kambi. Na haikuwa mchezo mmoja. Ukurasa baada ya ukurasa, kila kinacholika nakila papo hapo.

Akaniuliza, "Kaka, wewe ulianza na drafti?"

Nilicheka peke yangu kibandani. Nimekulia Ujiji, nani hakuanza na drafti? Ubao wa boksi, visoda vya soda upande huu na vya bia upande ule, na wazee wanaokutukana ukichelewa. Kwenye drafti yetu kula ni lazima. Ikikaa mbele yako unakula, na ufundi wote uko kwenye kumlazimisha mwenzako ale anapotaka kuliwa. Mkono uliolelewa hivyo ukihamia chesi hauulizi. Lakini kwenye chesi kula ni hiari, na mara nyingi askari wawili wakiachwa watazamane, anayeumia ni yule asiyejua watabadilishana lini. Nilikuwa nawaondolea wapinzani mzigo huo kwa hiari yangu, bure.

Injini isingeniambia hili. Stockfish siidharau, ni programu huria iliyoanza 2008, inamshinda binadamu yeyote, na Lichess wanakuwekea bila malipo. Ingeniambia hatua ya kumi na moja imenipunguzia thamani ya nusu askari, ya kumi na tisa robo tatu, na ingekuwa sahihi kabisa. Ila makosa madogo madogo ya namna ile haiyaungi pamoja kuwa tabia ya mtu. Na kwenye blitzi ya wachezaji wa alama zangu, mtu haporomoki kwa kuacha malkia bure. Anaporomoka kwa tabia.

Dawa aliyonipa inaudhi. Kabla ya kula chochote, tafuta kwanza hatua moja isiyo ya kula, hata kama hutaicheza. Kwa dakika tatu haiwezekani, nikamwambia. Akasema ndiyo maana hutacheza dakika tatu kwa sasa. Nikaanza na dakika kumi, nikashuka tano na nyongeza ya sekunde tatu, kisha tatu na nyongeza ya mbili, ambao ndio muda wa ubingwa wa dunia wa blitzi wa FIDE. Alama zikashuka kwanza, na zilishuka vibaya. Wenye moyo mwepesi mjiandae.

Hizo sekunde mbili za nyongeza zikafichua lingine. Dakika tatu kavu, ukifika mwisho wa mchezo kila mtu ana sekunde nane, anayeshinda ni mwenye kidole chepesi, na mimi kidole ninacho, kazi yangu ni kubonyeza simu kutwa. Ikiwepo nyongeza mpinzani haishiwi muda, inabidi ujue. Kumbe sikuwa najua. Mfano alionionyesha ni wa ngome kwa ngome, mwenzangu ana askari mmoja zaidi. Mfalme wangu mweusi yuko d8, wake yuko e5, askari wake d5, ngome yake h7 imenizibia mstari wa saba. Mimi ngome yangu niliirudisha mstari wa nane ikae na mfalme, maana roho inakutuma umlinde mzee. Kwa askari wa katikati ulinzi huo unavunjika.

Dawa ni ya karne ya 18, ya Mfaransa Philidor, aliyekuwa mtunzi wa muziki pia. Ngome inakaa mstari wa sita, tuseme a6, inatembea a6, b6, a6, b6, huku mfalme wa mwenzako hawezi kupanda. Hana namna ila kumsukuma askari hadi d6. Akisukuma tu, unaipeleka ngome chini kabisa, a1, unaanza kumpa cheki kwa nyuma. Pale d6 ndipo mfalme wake angejificha, sasa askari wake mwenyewe amepaziba. Sare. Lichess wana hazina ya tamati, yaani mwisho wa mchezo kete zikiwa chache, zote zisizozidi kete saba zikiwa zimeshakokotolewa, tukaweka msimamo ule, yaani kete zilivyokaa, na jibu halina ubishi: ngome mstari wa sita ni sare, hatua niliyocheza mimi ni kufungwa. Alinifanya niucheze dhidi yake kwa sekunde kumi kwenye saa na nyongeza ya mbili, tena na tena, hadi mkono ukaacha kufikiri. Hiyo ni kazi ya mwalimu, kusoma tu kusingenifikisha.

Sasa lawama. Sehemu kubwa ya ripoti ilikuwa mafaili ya ufunguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo, kurasa nyingi, mistari inayofika hatua ya kumi na nane, na sikuona popote palipoandikwa kwa ajili yangu. Ni mafaili anayompa kila mtu. Nilijua kwa sababu nusu yake ni fungua za d4, zinazoanza kwa mweupe kusukuma askari hadi d4, na mimi nikiwa na nyeupe sijawahi kucheza d4, jambo ambalo michezo yangu inalisema wazi. Nilipomuuliza akasema "yatakufaa baadaye." Baadaye ipi?

Kitu cha maana kuhusu ufunguzi alikisema kwa mdomo, dakika chache tu. Nyeusi nilikuwa naitegemea gambiti ya Stafford, ile ambayo Mmarekani Eric Rosen aliivumisha. Unatoa askari mmoja mapema, unasubiri mtego. Mweupe akileta askofu g5 kumbana farasi wako, unakula askari wa e4 kwa farasi huyohuyo, yeye anafurahi anakula malkia, na maaskofu wawili pamoja na farasi wanamfunga mfalme wake katikati ya ubao. Raha yake acha tu. Kocha akafungua ile sehemu ya Lichess inayokuonyesha matokeo ya ufunguzi kwa ngazi za alama, akapandisha ngazi moja moja, na ushindi wa mweusi ukawa unashuka kila anapopanda. Mwenye kujua anapeleka askofu e2, anatulia, askari wake wa ziada anabaki naye. "Huu ufunguzi umekufikisha hapa, na ndio unaokuzuia hapa," akasema. Sijauacha kabisa. Mbalamwezi ni ndefu.

Mtandao nao useme. Lichess hufidia sehemu ya ucheleweshaji wa intaneti kwenye saa yako, kwa hiyo kucheza kutoka Kigoma hakuniumizi sana. Mazungumzo ya sauti ndiyo yaliyokuwa mateso. Kikao cha kwanza tulikatika hadi bando likaisha tukiwa bado kwenye "unanisikia?" Cha pili nikamwomba aweke msimamo kwenye ubao wa pamoja wa Lichess na anitumie sauti fupi fupi WhatsApp, nazisikiliza, najibu. Ikawa nafuu kuliko simu, na zile sauti nimebaki nazo, nazirudia. Mkiwa mikoani ombeni hivyo tangu mwanzo.

Mtu wa alama 1400 sitamshauri alipe. Huyo bado anapoteza kete bure, mafumbo ya Lichess yatamtosha, na injini itamwonyesha makosa makubwa yenyewe. Mwenye 1900 kwenda juu aliyekwama muda mrefu pale pale, huyo ndiye wa kulipa, na aulize mapema kama kocha anatazama saa. Akijibu kwa kukutumia orodha ya fungua anazofundisha, mshukuru uendelee na shughuli zako.

Mimi nimerudi kwenye alama zangu za zamani na kupita kidogo, safari hii kwa mchezo wenye nyongeza. Nimeshamwandikia kuhusu awamu ya pili. Nimemwambia nataka saa na tamati tu, mafaili ayatoe kwenye bei. Amekubali elfu thelathini.