Trust Wallet kwa anayelipwa USDT: miaka miwili ya kuitumia, Likoni

Simu yangu iliibwa kivukoni Likoni mwezi wa tatu, jioni, watu wakisukumana kushuka feri. Ndani ya Trust Wallet, programu ya simu ambayo ni pochi ya sarafu za kidijitali, nilikuwa na USDT 312.40, malipo yangu ya kazi ya mwezi mzima. Usiku ule sikulala. Sikutaka kuandika maneno yangu ya siri, yale ya kurudishia pochi, kwenye simu ya kuazima, hivyo nilingoja kukuche, nikavuka kwenda mjini kununua simu nyingine, nikarudi nyumbani na kufunga mlango wa chumba. Nikatoa daftari lililokunjwa ndani ya leso sandukuni, nikapakua programu, nikaandika neno moja baada ya jingine mpaka la kumi na mbili. Salio likatokea: 312.40. Haikupungua hata senti.

Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano ya Kiswahili na kuyaandika. Wateja wangu wakubwa wako Ujerumani, na wananilipa kwa USDT, sarafu ya kampuni ya Tether inayokwenda sambamba na dola. Trust Wallet ilianza 2017, Binance, kampuni ya soko la sarafu za kidijitali, wakainunua mwaka uliofuata. Kuipakua ni bure, na haikuombi barua pepe wala kitambulisho. Pesa zenyewe hazikai ndani ya simu. Zimeandikwa kwenye mtandao wa sarafu, simu inabeba ufunguo tu, na ufunguo huo unatokana na yale maneno 12. Mwenye maneno ndiye mwenye pesa. Ndiyo maana mwizi wa feri hakunifilisi, na ndiyo maana siku ile ile, baada ya kupata salio langu, niliunda pochi nyingine yenye maneno mapya na kuhamishia kila kitu huko. Ya zamani ilikuwa imebaki mikononi mwa mtu, imelindwa na nambari sita za kufungulia na basi.

Maneno hayo ni ya Kiingereza, yanatoka kwenye orodha maalumu ya maneno 2048. Orodha rasmi ziko za Kijapani, Kihispania, hata Kicheki; ya Kiswahili haipo. Kwa hiyo tahajia ni jambo la kuangalia sana. Kuna nafuu moja: herufi nne za mwanzo za kila neno hazifanani na za neno jingine lolote katika orodha, kwa hiyo hata mwandiko ukififia mwishoni neno linajulikana. Mimi nimeandika kwa penseli, herufi kubwa, kila neno na nambari yake, kwa sababu mpangilio ukivurugika ufunguo haufungui. Nakala ya pili iko kwa shangazi yangu Kilifi, ndani ya bahasha iliyofungwa. Sikupiga picha, wala sikujitumia kwa WhatsApp. Picha za simu huruka zenyewe kwenda kuhifadhiwa mtandaoni, na huko hujui nani atazifikia.

Kupokea kunaonekana rahisi: unabonyeza sehemu ya kupokea, unachagua sarafu, inakuja anwani na ule mraba wa kuskani. Lakini ukitafuta USDT utaona ziko kadhaa, moja ya mtandao wa Tron, moja ya Ethereum, moja ya BNB, na nyingine. Jina ni moja, njia ni mbalimbali. Anwani ya Tron huanza na T na ina herufi 34. Za Ethereum na BNB huanza na 0x, nazo zina herufi 42, na kwenye pochi yako anwani hizo mbili ni ile ile moja. Mwaka wangu wa kwanza nilimpa mteja anwani ya BNB, yeye akatuma kwa Ethereum. Siku mbili natazama sifuri. Kumbe pesa zilikuwa zimefika, ila USDT ya Ethereum sikuwa nimeiwasha kwenye orodha yangu. Nilipoiwasha zikaonekana. Kuzitoa hapo ilibidi kwanza nitafute ETH, sarafu ya mtandao wa Ethereum, ya kulipia ada.

Mimi niliokoka kwa sababu ufunguo ulikuwa wangu. Shemeji yangu, muuza vipuri vya simu, alifanya kosa la namna hiyo akituma kwenye anwani ya kampuni fulani ya kubadilisha sarafu, kwa mtandao ambao kampuni hiyo haiupokei. Ufunguo wa anwani ile wanao wao. Ameandika barua chungu nzima, na mpaka leo hajaona kitu. Tangu hapo ninapomwandikia mteja huweka anwani, kisha mstari wa chini yake: USDT, mtandao wa Tron, TRC-20 (ndivyo USDT ya Tron inavyoandikwa). Namwomba anijibu jina la mtandao kabla hajatuma.

Kutuma ndiko kunakonitia hofu, na nadhani hofu hiyo ni afya. Sisi tumelelewa na M-Pesa. Kabla pesa hazijatoka unaona jina la unayemtumia, na ukikosea unapeleka ule ujumbe kwa 456 na kuomba zirudishwe. Huku hakuna jina na hakuna 456. Kwenye Tron muamala huingia kwa sekunde chache, ukishathibitishwa umekwisha.

Mwezi wa nane nilikuwa nataka kumtumia mhariri mwenzangu sehemu yake. Nikafungua orodha ya miamala ili ninakili anwani yake kama nilivyozoea. Muamala wa juu kabisa ulikuwa kiasi kidogo mno, sehemu ndogo ya senti, na anwani yake ilianza na kumalizika kwa herufi zile zile za mwenzangu. Skrini huifupisha anwani na kuweka nukta katikati, macho yakaridhika. Nilikuwa nimeshainakili. Kilichonizuia ni swali dogo: huyu amenitumia pesa lini? Nikaifungua anwani nzima, nikailinganisha na ile aliyoniandikia yeye mwenyewe. Katikati hazikufanana hata kidogo. Matapeli hutengeneza anwani pacha, hukutumia punje, kisha wanangoja unakili kutoka kwenye historia. Sasa anwani ya mwenzangu na za wateja nimezihifadhi kwa majina kwenye kitabu cha anwani cha programu. Anwani ngeni nasoma herufi nzima kwa sauti, halafu natanguliza USDT 5. Mpokeaji akiniambia, "Dada, zimeingia," ndipo natuma zilizobaki.

Weka TRX, sarafu ya mtandao wa Tron, pembeni kila wakati. Ada ya Tron haikatwi kwenye USDT, na bila TRX pesa zako utaziona tu, kuzisogeza huwezi. Kutuma kwa anwani ambayo haijawahi kuwa na USDT hugharimu takriban mara mbili. Siku ile ya kuhamia pochi mpya nililipa ada hiyo kubwa na sikujali.

Hapo pia pana mtego. Utakuta mtu ameandika maneno yake 12 hadharani, anajifanya mgeni asiyejua, na pochi ina USDT nyingi lakini haina TRX. Ukitia TRX yako ya ada ili uzichukue, imekwenda, kwa sababu pochi ile imefungwa isitume bila saini nyingine. Na anayejiita huduma kwa wateja kwenye Telegram akitaka maneno yako ya siri, mfungie hapo hapo.

Kuna mengi humo ndani, kubadilishana sarafu, kivinjari, vitu vya kuwekeza. Mimi sivigusi. Napokea, natuma, nauza kwa shilingi kwa mnunuzi ambaye jina lake la M-Pesa ndilo lililo kwenye akaunti yake ya soko la mtandaoni tunakouziana sarafu; likitofautiana, nafuta biashara.

Kwa mtu anayelipwa kutoka ng'ambo na yuko tayari kukaa saa nzima kujifunza kwa dola tano, naipendekeza bila wasiwasi. Mamangu sijamwekea. Zake nazigeuza shilingi kwanza, namtumia kwa M-Pesa, na jina lake naliona kabla hazijatoka.