Barua za Rabi Shneur Zalman: uzoefu wangu baada ya kuzisoma

Kitabu cha Tanya, cha mafundisho ya kiroho ya Kiyahudi, nilikinunua kwa sababu ya sehemu yake ya nne tu: barua 32 ambazo Rabi Shneur Zalman wa Liadi aliwaandikia wafuasi wake Wahasidi, Wayahudi wa harakati ya kiroho inayofuata marabi wake kama viongozi, katika Urusi ya kifalme. Alifariki mwaka 1812, na ni wanawe walioziingiza kitabuni katika chapa ya Shklov ya 1814. Nakala yangu ina Kiebrania na tafsiri ya Kiingereza zikitazamana.

Nilitarajia kubembelezwa. Barua ya 22 ikanipa mtu mwingine kabisa. Wafuasi walikuwa wakimiminika kwake kutaka ushauri wa riziki na shughuli zao, naye anawahoji: desturi hii mmeiona wapi? Hata wahenga wakubwa wa zamani hawakuulizwa mambo ya dunia. Walioulizwa ni manabii, kama Samweli, ambaye Sauli alimwendea kwa ajili ya punda wa baba yake waliopotea. Nilicheka sana, maana najua wachungaji na masheikh wanavyopigiwa simu kuulizwa habari za viza na viwanja.

Hata hivyo hawafukuzi mikono mitupu. Anawaambia wapokee mateso kama mwana mwenye akili anayeadhibiwa na baba mwenye huruma: asigeuke kukimbia, asitafute hata wa kumwombea, amtazame baba yake usoni. Hapo ndipo mimi na rabi tunapoachana kidogo. Aliyefiwa na mtoto nisingempa ukurasa huo asome.

Barua niipendayo kuliko zote ni ya 2, fupi, aliyoiandika baada ya kutoka gerezani Petersburg mwaka 1798. Waliomchongea kwa serikali walikuwa Wayahudi wenzake, kwa hiyo wafuasi walikuwa na kila sababu ya kutamba. Anawakataza. Wasijikweze, wasiwafungulie wapinzani vinywa, wasiwapigie hata mluzi. Anashika neno la Yakobo, kwamba hastahili rehema zote alizotendewa, na kulifafanua hivi: kila wema unaoupata kwa Mungu unatakiwa ukufanye mdogo zaidi. Tangu niisome, shuhuda za kujisifu kanisani zinanikera maradufu.

Anayetafuta barua za siri kati ya mwalimu na mwanafunzi mmoja hatazipata hapa. Nyingi ziliandikiwa jumuiya nzima. Kadhaa zinahimiza michango kwa ajili ya Wahasidi waliokuwa wakiishi Nchi Takatifu, na ghafla katikati ya habari ya sadaka unatumbukizwa kwenye kabala, yaani elimu ya mafumbo ya Kiyahudi. Bila kuipitia sehemu ya kwanza ya kitabu utapotea, na tafsiri yenyewe ni nzito.

Ukinunua, chagua toleo lenye maelezo mengi chini ya ukurasa. Langu lina machache mno, na barua ya 20, aliyoiandika siku chache kabla ya kufariki, nimeishia nusu.