Asidi ya 32% au ya 37%? Niliyoyaona maabara ya shule

Mimi ni mtunza maabara wa shule ya sekondari. Kwa miaka mingi nimenunua asidi hidrokloriki ya 37%, ile ya chupa ya kioo ya lita 2.5. Ukutani nina karatasi: pima mililita 8.3, jaza maji hadi lita moja, unapata 0.1 M (M ni moli kwa lita, kipimo cha nguvu ya mchanganyiko). Sikuwahi kuihoji.

Safari iliyopita dukani, asidi hiyo iliwaishia. Kijana wa kaunta akanitolea dumu la plastiki, lebo imechanika nusu. "Ni ile ile, mwalimu, tena bei nafuu." Nikabeba.

Kwenye mazoezi ya kidato cha nne, wanafunzi wakafanya taitresheni ya mililita 25 za sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M, yaani kudondosha asidi kutoka kwenye bureti, mrija wenye alama za mililita, hadi vitoshane. Bureti zilitakiwa ziishie 25 hivi. Zote zikafika 29.5. Nikasingizia sodiamu haidroksaidi, kwamba imenyonya hewa. Mwalimu wa kemia akacheka: ingekuwa imedhoofika, ingehitaji asidi pungufu, si zaidi.

Nikarudi kwenye dumu, nikaibandua lebo vizuri. 32%, densiti 1.16 (gramu kwa mililita). Hapo hesabu ikajieleza. Lita moja ya asidi ya 37% ina uzito wa gramu 1190 hivi, na asilimia 37 yake ni gramu 440. Gawa kwa 36.5, gramu za moli moja ya asidi hii, unapata kama 12 M. Ya 32% inatoa kama 10.2 M tu. Kwa hiyo mililita zangu 8.3 zilitengeneza 0.085 M. Nilipaswa kupima 9.8. Siku hizi kila mchanganyiko mpya naupima kwanza kwa sodiamu kaboneti iliyokaushwa na matone ya methili oranji, rangi inayobadilika asidi ikishatosha.

Cha ajabu, sasa hiyo ya 32% ndiyo ninayoipenda. Ile ya 37% ukifungua kizibo mchana wa joto inafoka moshi mweupe unaokaba koo, na sisi hatuna chemba ya kuvuta moshi nje, tuna madirisha tu. Imekula bawaba za kabati la chuma, imetia kutu hata mizani iliyokuwa rafu ya chini. Ya 32% nayo inatoa moshi, msidanganyike, lakini unavumilika ukiwa na miwani, glavu na dirisha wazi. Naimimina kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe si maji ndani yake. Inakaa kwenye kabati la mbao, chini kabisa, mbali na amonia na dawa ya kufulia yenye klorini, maana ikikutana na hiyo ya pili inatoa gesi ya klorini. Ndoo ya magadi iko pembeni kwa ajili ya ikimwagika.

Kasoro yake: dumu nililopewa lina rangi ya njano kidogo, dalili ya chuma kuingia. Kwa taitresheni haijanisumbua, ila kwa kupima uwepo wa chuma kwenye chumvi, hapana. Huko natumia mabaki ya ile safi ya chupa ya kioo.

Asidi naipa nyota nne kati ya tano. Duka lenyewe, nyota moja, kwa "ni ile ile". Na wale wanaouza kwenye chupa za maji ya kunywa bila lebo, eti ya kutoa saruji kwenye vigae, sinunui hata kwa bure.