Ushauri nasaha kwa simu nikiwa Wete: uzoefu wangu kama mtu mwenye usonji

Mimi ni mwanamke mzima mwenye usonji, naishi Wete, Pemba. Usonji wenyewe si maradhi ya kutibiwa ukaondoka. Ninachotafutia msaada ni wasiwasi na sonona, vitu vinavyowaandama wengi wetu. Huduma hii ya ushauri kwa simu, mshauri akiwa Unguja, ndiyo pekee niliyoweza kudumu nayo.

Kabla yake nilikuwa navuka kwa boti kwenda kituo kimoja mjini Unguja. Pa kusubiria taa kali, televisheni inapiga kelele, feni inalia, watu wamebanana kwenye mabenchi. Hadi niitwe, sina tena neno la kusema. Na kila nikienda namkuta mshauri mwengine, naanza kujieleza upya.

Huyu wa sasa habadiliki, wala siku na saa yetu haibadiliki. Sauti ikinigomea tunaandikiana WhatsApp, na hanihesabii kuwa sikuja. Haniulizi najisikiaje, swali ambalo wengi wenye usonji hulikosea jibu. Anauliza: "Dada, meno umeyauma? Tumbo likoje? Jana ulilala saa ngapi?" Hapo ndipo tunapoijua hofu imekaa wapi. Tukimaliza huniandikia tuliyokubaliana, maana ya mdomo hunipotea.

Aliniteka moyo wakati wa Ramadhani. Mwezi mtukufu naupenda, lakini kula, kulala, kelele za usiku, vyote hugeuka kwa mpigo, na mtu anayeishi kwa ratiba hilo humwelemea. Shaabani haijaisha ameshanipangia saa mpya baada ya tarawehe, na tumeandika siku nzima itakavyokwenda, kuanzia daku. Hata mialiko ya futari tuliipanga: nimwambie shangazi mapema kwamba nitakaa karibu na mlango na nitaondoka kabla ya wengine. Shangazi akajibu, "Mwanangu, kaa unapopataka." Nikafika Idi nikiwa mzima, jambo lililokuwa halijanitokea kwa muda mrefu.

Kasoro zipo. Mtandao ukikatika, mazungumzo yanakatika pabaya. Nyumba ikiwa na watu wengi, faragha ni kazi, na kwetu ukitaja msaada wa akili bado kuna wanaofikiria Kidongo Chekundu tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja. Mimi hujifungia chumbani na spika za masikioni. Na mshauri haandiki dawa. Anayezihitaji lazima aonane na daktari.

Ukitaka kujaribu huduma kama hii, kabla ya kulipa waulize kama mshauri atabaki yule yule. Wakisita, tafuta kwengine.