Ufungue imeili ya wapi? Nimezipanga, ya juu mpaka ya mkiani

Mtu akitaka kufungua imeili mpya, swali la kwanza utasikia ni "inatoa GB ngapi?" Mi naona hilo ni la tatu au la nne huko. La kwanza ni hivi: siku umesahau pasiwedi, au simu imeibiwa na laini umeshabadilisha, utaingia tena vipi? Maana imeili siku hizi siyo ya kusoma barua tu jamani, ndo ufunguo wa kila kitu, mitandao ya kijamii, benki, maombi ya kazi, kote ukibonyeza "nimesahau nenosiri" linki inatumwa huko huko. Ukiipoteza hiyo moja, zingine zote zinaifuata.

Mi nilijifunza vibaya. Anwani yangu ya kwanza ya maana nilipewa bure na kampuni iliyokuwa inaniuzia intaneti, nikaitumia kila mahali, afu nikahama kampuni na anwani ikafa siku chache baadaye, nikabaki nahangaika akaunti moja moja na kuna zingine mpaka leo sijazirudisha. Kwa hiyo kabla hata ya kupanga namba: anwani ya mtoa intaneti usiitegemee, na ya kazini ni ya mwajiri, siku ukiondoka inabaki kwake.

Haya, tuanze.

Namba moja ni Gmail, najua haishangazi mtu. Kuchuja spamu iko vizuri sana, kutafuta barua ya miaka mitano nyuma ni sekunde, na njia za kurudi ukifungiwa nje ni nyingi, namba ya simu, imeili ya pili, kodi za akiba (namba za siri za kuingilia, kila moja inatumika mara moja) unazoweza kuziprinti. Ukituma barua kwa hasira una nafasi ya kuirudisha, ila imewekwa sekunde 5 tu, ingia kwenye mipangilio uivute mpaka 30, utakuja kunishukuru. Na ukitaka kuhama, Google Takeout inakupa barua zako zote uzishushe.

Sasa kasoro yake inayowaumiza wengi ni hizi GB 15. Siyo za barua peke yake, zinagawanywa na Google Drive (stoo ya mafaili) na Google Photos (ya picha), kwa hiyo simu yako ikipandisha picha na video kila siku bila wewe kujua, nafasi inajaa na barua zinaanza kugoma kuingia, aliyekutumia anarudishiwa na wewe umekaa unasubiri majibu ya interview. Nimeona watu wananunua nafasi wakati shida ilikuwa video tatu za harusi. Andika larger:10M kwenye sehemu ya kutafutia, inakuletea barua zote zinazozidi MB 10, futa usizozihitaji na usisahau kumwaga pipa la taka, kisha nenda kule kwenye picha nako. Halafu akaunti isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa, kwa hiyo ile ya akiba uliyoifungua na kuisahau, ingia mara moja moja. Kuhusu matangazo, Google waliacha mwaka 2017 kutumia yaliyomo ndani ya barua kukuchagulia matangazo, ila matangazo yenyewe bado yapo.

Namba mbili Outlook, ya Microsoft. Hapa wengi hawanielewi, wanaiona ni ya ofisini. Lakini hebu fikiria, Hotmail ilianza 1996, Microsoft wakainunua 1997, jina la huduma likabadilishwa likawa Outlook, na mpaka leo mwenye anwani yake ya hotmail anaitumia kama kawaida. Kwangu mimi hiyo ina uzito kuliko GB. Bure unapata GB 15 za barua, na picha zako haziingii humo, zinaenda OneDrive, stoo ya mafaili ya Microsoft, kwenye GB 5 zake. Angalia hapo tu, viambatisho vya kwenye barua navyo vinahesabiwa kwenye zile 5. Kalenda yake nzuri, mafolda ni mafolda ya kawaida unayoyajua. Matangazo yanakaa katikati ya barua na yanafanana na barua, hiyo inaniudhi.

Namba tatu Proton Mail, na kuna watu wataniambia ilitakiwa iwe ya kwanza. Ni ya Uswisi, ilianzishwa na watu waliokutana CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, ikafunguliwa kwa watu 2014, na barua zinakaa kwenye seva zimefungwa kwa msimbo ambao hata wao wenyewe hawawezi kuufungua wasome. Safi kabisa kwa mwandishi wa habari, wakili, au mtu ambaye hataki tu kusomwa. Lakini upande wa pili wa huo ufunguo ni kwamba ukisahau pasiwedi na hukuhifadhi maneno ya kurejesha, akaunti unaweza kuipata ila barua za zamani zitabaki zimefungwa, hakuna wa kumpigia simu. Mtu anayesahau pasiwedi kila mwezi mi simshauri, namwambia wazi. Pia ukimwandikia mtu wa Gmail, kopi ya kwake inafika bila kufungwa, isipokuwa umeiwekea nenosiri barua yenyewe. Nafasi ya bure ni ndogo, GB 1.

Ndugu yake ni Tuta wa Ujerumani, zamani Tutanota. Wao wanafunga mpaka kichwa cha barua, kitu ambacho Proton hawafanyi. Ila ya bure usipoingia miezi 6 inafutwa, na huwezi kuisomea kwenye programu nyingine ya barua, lazima ya kwao. Namba nne.

iCloud tano, haraka haraka: kama vifaa vyako vyote ni vya Apple ni sawa, kama siyo pita. GB 5 unazigawana na picha na bakapu ya simu, zinaisha kabla hujakaa.

Yahoo nimeiweka mkiani. Mwaka 2013 akaunti zao zote zilidukuliwa, bilioni 3, na idadi hiyo kamili ilikuja kusemwa 2017. Ile TB 1 (kama GB 1,000) iliyokuwa inawavutia watu ilishushwa 2025 ikawa GB 20. Bado ni nyingi, sawa, ila akaunti ya bure ukiiacha miezi 12 inaweza kufungwa na barua zikaondoka. Ukiwa nayo ya zamani usiifute kwanza, hamisha akaunti zote zilizoungwa nayo ndo ufikirie.

Mwenye biashara yeye yuko nje ya hii orodha, nunua domeni yako, yaani jina lako la mtandaoni linalokaa baada ya @. Uzuri wake anwani inakuwa yako, leo barua zako ziko kwa kampuni kama Zoho, kesho Fastmail (hawana ya bure, ila hawana matangazo pia), unabadilisha rekodi za MX (mipangilio ya domeni inayosema barua ziende kwa kampuni gani) na wateja hawajui hata umehama. Zoho wana kifurushi cha bure cha watu 5 pale wanapokitoa, kwa kuanzia kinatosha. Ila domeni ukisahau kuilipia mtu mwingine anaweza kuinunua na barua zako zikaanza kwenda kwake, pamoja na zile linki za kubadilisha pasiwedi. Weka ijilipie yenyewe.

Ukishafungua, yoyote ile, usiishie kwenye kupendezesha saini. Weka imeili ya pili iliyo kampuni tofauti, printi zile kodi za akiba uzitunze na vyeti vyako, halafu siku hiyo hiyo chukua simu ya mtu mwingine ujaribu kuingia kama vile ya kwako imeibiwa. Ukikwama, una barua mbili tatu tu humo, fungua nyingine.